Maziwa Yalikwenda Wapi?

"Mjomba, maziwa nikishayameza yanakwenda wapi?"

Aliniuliza hivyo mpwa wangu wa Katesh, povu likiwa bado juu ya mdomo wake. Waliokuwa karibu wakamjibu haraka, "Yanakwenda tumboni," wakaendelea na mazungumzo yao. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni fupi mno. Tumboni maziwa yanapita tu. Uliza, mpwa wangu, uliza! Swali lako ni kubwa kuliko walivyodhani wakubwa. Ukiyafuata maziwa hayo hadi yanakoishia, utakutana na kitu kidogo sana chenye uhai, na kitu hicho kinaitwa seli.

Basi sogeeni wote. Wa Dongobesh, wa Haydom, wa Basotu, wa Endasak, kila mmoja apate pa kukaa. Nitawasimulia habari za seli, nanyi mnikatize mnapotaka. Anayekatiza kwa swali hakosi adabu mbele yangu.

"Seli ndiyo nini, mjomba?"

Seli ni uhai katika kipande chake kidogo kuliko vyote. Ng'ombe amejengwa kwa seli. Majani anayokula yamejengwa kwa seli. Ngano ya Basotu ni seli, kitunguu saumu cha Mbulu ni seli, na wewe unayeuliza ni seli kuanzia unyayo hadi utosi. Wapo pia viumbe ambao mwili wao wote ni seli moja tu. Hao tutakutana nao mbele, ndani ya kibuyu.

"Mimi ninazo ngapi?"

Mtu mzima ana zaidi ya trilioni 30. Wewe bado mdogo, lakini zako nazo ni trilioni nyingi. Trilioni moja ni milioni moja iliyorudiwa mara milioni moja. Chukua rula yako. Tazama nafasi iliyo kati ya vimstari viwili vya karibu kabisa, milimita moja. Hapo, seli za utumbo wako zikisimama bega kwa bega, zinaenea karibu mia. Ndiyo maana huzioni. Macho yako ni mazima, ila seli ni ndogo mno.

Binadamu tuliishi na seli zetu miaka yote bila kuzijua. Mwaka 1665 Mwingereza aliyeitwa Robert Hooke alikata kipande chembamba cha gome, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Akakitazama kwa hadubini. Akaona vyumba vingi vidogo, vitupu, vimepangana. Vilikuwa vitupu kwa sababu gome lile lilishakufa. Alichoona ni kuta tu. Ilipita karibu miaka mia mbili zaidi ndipo wataalamu wakakubaliana kwamba viumbe vyote vimejengwa kwa seli, na kwamba kila seli imezaliwa na seli nyingine. Hilo la pili nalipenda sana. Seli haizuki hewani. Ina mama, na mama yake ni seli, na bibi yake pia.

"Ndani yake mna nini?"

Fikirini boma. Boma la mfugaji mnalijua, sina haja ya kuwachorea. Kuna ua wa miiba pande zote. Kuna lango. Ndani kuna uwanja, na uwanjani kila mtu ana kazi yake: huyu anakamua, yule anasaga, mwingine anachochea moto. Na kuna nyumba ya mzee, ambaye anayajua mambo yote ya ukoo tangu mwanzo.

Seli imepangwa hivyo hivyo. Ua wake unaitwa utando wa seli. Ni mwembamba mno, tena laini, umefanywa kwa mafuta na protini. Hapa boma na seli vinaachana kidogo. Boma lina lango moja au mawili. Seli ina malango maelfu kwa maelfu, na kila lango linajua kinachoruhusiwa kupita. Maji yapite hapa. Sukari ipite pale. Chumvi ipite kule. Taka zitoke.

Uwanja wa seli unaitwa saitoplazimu. Ni ute wenye maji mengi, na humo ndimo kazi nyingi zinamofanyika. Nyumba ya mzee inaitwa kiini. Ndani ya kiini mna DNA, uzi mrefu mwembamba wenye maagizo yote ya mwili. Jikoni panaitwa mitokondria. Hapo chakula kinaunguzwa polepole kwa oksijeni unayovuta, ndipo nguvu zinapopatikana. Boma lina jiko moja, lakini seli inaweza kuwa na mitokondria mamia. Na mafundi wa uwanjani wanaitwa ribosomu. Fundi ribosomu ana kazi moja tu: kupokea agizo la mzee na kutengeneza protini.

Semeni nami. Utando ni ua. Saitoplazimu ni uwanja. Kiini ni nyumba ya mzee. Mitokondria ni jiko. Ribosomu ni fundi. Tena! Vizuri sana, hata yule wa nyuma nimemsikia.

Sasa turudi kwenye maziwa. Nimemwita msemaji anayeyajua kuliko mimi. Ni seli moja ya utumbo mwembamba wa mpwa wangu. Msikilizeni.

"Shikamooni. Mimi ni mdogo kuliko nyote hapa, nina siku tatu tu tangu nizaliwe. Ndani ya utumbo kumejaa vijidole vidogo vya nyama laini, vimesongamana, na sisi seli ndio tumevifunika. Nilizaliwa chini, kwenye shina la kijidole. Tangu hapo napanda. Wadogo zangu wananisukuma kutoka chini, nami nawasukuma walionitangulia. Kesho au keshokutwa nitafika kwenye ncha, nitabanduka, na mwenzangu atashika nafasi yangu. Ukoo wetu haukai zaidi ya siku tano hivi."

"Pole!" akasema mpwa wangu.

"Nimeshapoa. Nina kazi, na leo kazi imekuja. Ulipoyameza maziwa, mimi niliyaona yakifika. Yana maji mengi, mafuta, protini na sukari. Sukari ya maziwa inaitwa laktosi. Kikombe cha robo lita kina gramu 12 hivi za laktosi. Ni chakula kizuri, lakini haipiti langoni kwangu. Laktosi ni sukari mbili zilizoshikana mikono, glukosi na galaktosi. Lango langu la sukari linapitisha mmoja mmoja. Wawili walioshikana mikono hawapiti."

"Sasa unafanyaje?"

"Nimesimamisha walinzi juu ya ua, upande unaotazama maziwa. Jina lao ni laktasi. Laktasi ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi bila yenyewe kutumika ikaisha. Laktasi anamshika laktosi, anawaachanisha wale wawili. Huyu glukosi, huyu galaktosi. Wanaingia langoni, wanavuka uwanja wangu, wanatokea upande wa pili, wanaingia katika damu. Laktasi anamgeukia mwingine. Anashika, anaachanisha, anapitisha. Anashika, anaachanisha, anapitisha. Mpaka kikombe chako kinakwisha."

Asante, seli, endelea kupanda.

Umesikia, mpwa wangu? Maziwa yalikwenda huko. Galaktosi hupita kwanza kwenye ini, nyingi yake ikageuzwa kuwa glukosi. Glukosi inachukuliwa na damu hadi kwenye seli za misuli ya mguu wako. Inapita langoni. Inakatwakatwa uwanjani, vipande vyake vinafika jikoni, kwenye mitokondria. Inaunguzwa kwa oksijeni. Zinatoka nguvu, yanatoka maji, na inatoka hewa ya ukaa, ambayo unaipumua nje. Asubuhi unapopanda kilima kwenda shule, ni maziwa ya jana yanayopanda. Mafuta na protini za maziwa zina njia zao. Leo tunaifuata sukari tu.

"Mjomba, nani aliiambia seli itengeneze laktasi?"

Naam! Hilo ndilo swali la kuamsha mtu usingizini. Uliza, mpwa wangu, uliza.

Aliyeiambia ni mzee aliyemo ndani ya kiini. DNA ni uzi ulioandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. Nne tu, zinapangwa na kupangwa tena. Maagizo uliyorithi kwa mama yako yana herufi zipatazo bilioni 3, na uliyorithi kwa baba yako yana nyingine kama hizo. Yote yamo katika kiini kimoja. Uzi wote wa seli moja ukinyooshwa unafika karibu mita 2. Mita 2 ndani ya kitu usichoweza hata kukiona! Umekunjwa na kukunjwa tena, ukagawanywa katika vipande 46 vinavyoitwa kromosomu.

Sehemu ya uzi yenye agizo la kutengeneza kitu fulani inaitwa jeni. Jeni ya laktasi iko kwenye kromosomu ya pili. Lakini mzee hatoki nyumbani mwake. Agizo linanakiliwa, na nakala hiyo, iitwayo RNA, inatumwa uwanjani kwa fundi. Fundi ribosomu anaisoma, anaunganisha vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino, kimoja baada ya kingine, hadi vinafika 1,927. Kisha sehemu nyingine zinapunguzwa, na kinachobaki kinapelekwa kwenye ua kusimama zamu. Ndiye laktasi huyo.

"Kwa hiyo jicho langu nalo linatengeneza laktasi?"

Nani kakufundisha kufikiri hivyo? Swali lako lina haki kabisa. Seli za jicho lako zina mzee yuleyule, mwenye maagizo yaleyale. Agizo la laktasi limo humo, herufi kwa herufi. Lakini katika jicho halisomwi. Seli ya jicho inasoma maagizo ya kuona, seli ya utumbo inasoma maagizo ya kumeng'enya, seli ya ngozi inasoma ya ngozi. Mengine yote yamenyamazishwa. Wapo hata waliomwondoa mzee kabisa. Seli nyekundu za damu, zile zinazotazamwa maabara unapopimwa malaria, zinapokomaa hutoa kiini nje ili zipate nafasi zaidi ya kubeba oksijeni. Zinaishi siku 120 hivi bila mzee, halafu zinavunjwa na nyingine zinachukua nafasi.

Shikeni hapo, maana hapo ndipo penye utamu wa habari yote. Maagizo ni yaleyale katika mwili mzima. Kinachoitofautisha seli na mwenzake ni agizo lipi linasomwa na lipi limenyamazishwa. Na agizo linalosomwa leo linaweza kunyamazishwa kesho.

Mtazameni ndama. Anazaliwa, ananyonya. Utumbo wake una laktasi tele. Anakua, anaanza kung'ata majani. Ananyonya kidogo, anakula majani zaidi. Mwisho anaachishwa. Laktasi ya nini tena? Polepole, katika seli za utumbo wake, lile agizo linanyamazishwa. Ndivyo ilivyo kwa ndama. Ndivyo kwa mwanambuzi, kwa mtoto wa paka, kwa mtoto wa simba. Na ndivyo ilivyo kwa binadamu walio wengi: takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hawana tena laktasi ya kutosha.

"Wakinywa maziwa inakuwaje?"

Wakinywa kidogo, huenda wasisikie kitu. Wakinywa mengi, laktosi inakosa wa kuiachanisha. Inateremka hadi utumbo mpana. Huko inavuta maji, na bakteria wanaoishi huko wanaila na kutoa gesi. Tumbo linajaa, linanguruma, mtu anaharisha. Nawaomba sana, msimcheke mtu wa namna hiyo. Hajalogwa, wala hadeki. Seli zake zimefuata mtindo wa wanyama wote wanaonyonya. Lakini kuharisha kuna sababu nyingine nyingi, na nyingine ni za hatari, kwa hiyo mtoto anayeharisha apelekwe kituo cha afya, asikae nyumbani akisingiziwa maziwa.

"Mbona babu yangu anakunywa maziwa kila siku na tumbo halimsumbui?"

Nilikuwa nasubiri nani aulize! Ndiyo, hapa Hanang na Mbulu wapo wazee wengi, Wabarabaig kwa Wairaqw, wanaokunywa maziwa mabichi tangu utoto hadi uzee. Katika seli za utumbo wao agizo la laktasi halikunyamazishwa. Na sababu yake imetafutwa ikapatikana.

Mwaka 2007, katika jarida la Nature Genetics, ilitoka taarifa ya wanasayansi walioongozwa na Sarah Tishkoff wa Marekani. Pamoja naye walikuwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, Dar es Salaam, na wenzao wa Kenya na Sudan. Walikuwa wamewapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Waliwapimaje? Sikilizeni, maana ni kazi ya akili nyingi. Mtu anakunywa maji yenye gramu 50 za laktosi, kiasi kilichomo katika lita moja hivi ya maziwa. Halafu anatobolewa kidole, damu kidogo inapimwa sukari. Wanasubiri, wanapima tena. Mnaona walichokuwa wakitafuta?

"Glukosi!"

Glukosi, mwanangu, barabara! Kama laktasi yuko zamu, laktosi inaachanishwa, glukosi inaingia katika damu, kipimo kinapanda. Kama hayupo, kipimo hakipandi. Hawakumpasua mtu tumbo. Kwa tone la damu la kidoleni walijua seli zilizojificha tumboni zinafanya nini.

Kisha wakasoma DNA ya watu hao, karibu na jeni ya laktasi. Wakalinganisha. Wanaoweza maziwa na wasioyaweza, tofauti yao iko wapi? Waliikuta ndani ya jeni ya jirani, herufi 14,010 kabla ya mahali agizo la laktasi linapoanza. Hapo watu wengi duniani wana herufi G. Miongoni mwa wale walioweza maziwa, C ilionekana zaidi. Herufi moja tu! Herufi hiyo haibadilishi laktasi yenyewe. Laktasi ni ileile. Inachofanya ni kuliacha agizo liendelee kusomwa hata baada ya mtoto kuacha kunyonya.

Herufi C ilionekana kwa wingi kwa Watanzania wanaozungumza lugha za Kikushi na lugha za Kiniloti. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatoga, lugha ya Wabarabaig, ni ya Kiniloti. Watu wa Ulaya kaskazini nao hunywa maziwa ukubwani, lakini wao wana herufi nyingine, mahali pengine, herufi 13,910 kabla ya jeni. Hiyo ilitambuliwa mwaka 2002. Kwa hiyo asiwaambie mtu kwamba jambo hili tuliletewa na Wazungu. Wafugaji wa kule walipata herufi yao, wafugaji wa huku walipata yao, na ng'ombe walikuwepo pande zote mbili.

"Herufi inabadilikaje yenyewe, mjomba?"

Kumbuka kwamba seli huzaliwa na seli. Kabla seli haijagawanyika kuwa mbili, hunakili uzi wake wote, mabilioni ya herufi. Inakagua, inasahihisha. Hata hivyo mara chache sana herufi moja hupenya ikiwa imebadilika. Mabadiliko yakitokea katika seli ya ngozi ya mkono, yanaishia hapo hapo kwako. Yakitokea katika yai la mama au mbegu ya baba, mtoto anazaliwa nayo katika kila seli yenye kiini. Zamani, mtu mmoja alizaliwa na C mahali pa G. Wanasayansi hao walikadiria kwamba ilikuwa kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita. Mtu huyo hakujua lolote. Alikunywa maziwa tu, na tumbo lake likatulia.

Fikirini mwaka wa ukame. Mashamba yamekauka, visima vimekauka, lakini ng'ombe mmoja bado anatoa maziwa. Asiyeweza maziwa akinywa mengi anaharisha, anapoteza maji ambayo hana. Anayeyaweza anapata chakula na maji kwa mkupuo mmoja. Huyo anapona, watoto wake wanapona, nao wanairithi ile C. Inatosha kuipata kwa mzazi mmoja. Kizazi baada ya kizazi, wenye C wakawa wengi. Wataalamu wanaeleza hivyo jinsi herufi ilivyosambaa, na mimi nikitazama nchi hii yetu wakati wa kiangazi, naona maelezo hayo yana uzito.

Tena tuna mashahidi hapa hapa mkoani Manyara. Luxmanda, kwenye uwanda wa juu wa Mbulu, waliishi wafugaji miaka 3,000 hivi iliyopita. Walivunja vyungu vyao, nasi tukavirithi vigae. Mwaka 2020 wataalamu walieleza matokeo ya kuchunguza vigae vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, vya Luxmanda vikiwemo. Udongo wa chungu hunyonya mafuta ya kinachopikwa, na mafuta hayo hudumu. Katika baadhi ya vigae hivyo walikuta mafuta ya maziwa. Lakini mwaka mmoja kabla, 2019, walisoma DNA ya wafugaji wa kale kutoka sehemu mbalimbali za Kenya na Tanzania, na ile C waliikuta kwa mmoja tu. Alizikwa katika pango la Gishimangeda, kaskazini mwa Tanzania, kiasi cha miaka 2,100 iliyopita.

"Sasa wale wengine walikunywaje maziwa, kama hawakuwa na C?"

Hapo umenishika mkono ukanipeleka hadi kwenye kibuyu. Niliwaambia tutafika!

Maziwa yakikaa ndani ya kibuyu yanaganda. Nani anayagandisha? Bakteria. Bakteria ni kiumbe wa seli moja. Ana utando, ana saitoplazimu, ana ribosomu zake. Hana mitokondria, na hana kiini: katika boma lake mzee hana nyumba, anakaa uwanjani na uzi wake wa DNA. Lakini yuko hai kabisa, anakula na kuzaa. Chakula anachokipenda humo kibuyuni ni laktosi. Anaila, anatoa asidi laktiki. Asidi hiyo ndiyo uchachu unaoonja kwenye mtindi, na ndiyo inayofanya protini za maziwa zishikane na maziwa kuwa mazito. Mtindi ukiwa tayari, laktosi imepungua. Kwa hiyo mtu ambaye seli zake zimenyamazisha laktasi anaweza kunywa mtindi akashiba na tumbo likatulia. Hata bila herufi C, njia ya maziwa ilikuwepo. Na leo mkipata mgeni asiyeweza maziwa mabichi, mpeni ya mgando.

"Mjomba, mimi nataka kuiona seli kwa macho."

Hilo tu? Twende.

Ya utumbo hatutaitoa, bado ina kazi. Tafuta kitunguu maji. Kikate, toa tabaka moja nene. Upande wake wa ndani, ule uliobonyea, kuna kingozi chembamba kinachopitisha mwanga. Kibandue taratibu kwa kucha. Kitandaze juu ya kioo cha hadubini chenye tone la maji, kisikunjamane. Weka tone la iodini, kwa sababu seli haina rangi na bila rangi utakodoa macho bure. Funika kwa kile kioo chembamba, ukikilaza polepole kutoka upande mmoja ili mapovu ya hewa yasibaki. Anza na lenzi ya ukuzaji mdogo, ukipata picha ndipo uhamie kubwa.

Utaona vyumba virefu vimepangana. Hizo ni seli. Zimejipanga vizuri kwa sababu mmea umeongeza ukuta mgumu nje ya utando, boma lenye ua na nje ya ua kuna ukuta. Seli zako wewe hazina ukuta huo. Kidoa cha kahawia ndani ya chumba, mara nyingi kimesukumwa pembeni, ndicho kiini. Aliyekisukuma ni mfuko mkubwa wa maji unaojaza sehemu kubwa ya seli ya mmea. Mitokondria na ribosomu hutaziona, ni ndogo mno kwa hadubini ya shule. Rangi ya kijani nayo hutaikuta, maana kitunguu kinakaa ardhini, na seli zake hazina kazi ya kukamata mwanga wa jua. Ukitaka kijani, ujaribu jani.

Kama shule yenu haina hadubini, mwombeni mwalimu mwende siku moja kwenye sekondari ya jirani. Choreni mnachokiona kwa penseli iliyochongwa vizuri, si mnachokikumbuka kutoka kitabuni. Andikeni pembeni: ukuta, saitoplazimu, kiini. Na mtu akikuta ndani ya seli yake kitu ambacho mimi sikukitaja, akizungushie duara, aje nacho hapa tukiulizane.